Nunueni bodi isiyodai draiva

Bodi ndogo za kujifunzia elektroniki, zile ambazo mwanafunzi huzichomeka kwenye USB ya kompyuta na kuziandikia programu ya kuwasha taa au kupima joto la chumba, zimeshuka bei kiasi kwamba ni vigumu kwa chuo cha ufundi kujitetea kuwa hakizimudu. Nakala ya Arduino Uno utaipata Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya ile ya asili, na ukiagiza za mkupuo kutoka China zinashuka zaidi. Lakini bodi hizo zikishafika maabara, kipindi cha kwanza mara nyingi hata hakifiki kwenye taa. Kinakwama kwenye dirisha la Windows lenye orodha ya vifaa, palipoandikwa USB2.0-Serial na pembeni yake pembetatu ndogo ya njano. Kompyuta imegundua kuna kitu kimechomekwa, ila haijui iongee nacho vipi. Haina draiva. Mwalimu anaacha somo na kuanza kuhangaika, na lawama zinakwenda pasipostahili: kwa mwanafunzi “asiyejua kompyuta”, au kwa “vitu feki vya Mchina”. Ninavyoona mimi, kosa lilishafanyika siku ya manunuzi. Shule au chuo kinachonunua bodi za kufundishia kinapaswa kuzikataa zote zinazodai draiva ya peke yake, ziwe za bei gani, kwa sababu mwenye draiva ndiye anayeamua bodi yako ifanye kazi au isifanye.

Ili hoja hii ieleweke, lazima tuifungue bodi yenyewe. Akili ya Uno ni chipu iitwayo ATmega328P, na chipu hiyo haijui USB. Inachojua ni njia ya zamani ya kupeleka data biti moja baada ya nyingine, ile iliyotumiwa na modemu na kompyuta za kale. Kwa hiyo pembeni yake, karibu na tundu la USB, huwekwa chipu ya pili, mkalimani kati ya kompyuta na akili ya bodi. Huyo mkalimani ndiye anayedai draiva. Mradi wa Arduino ulipoanza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, kaskazini mwa Italia, haukuchukua muda kuanza kutumia chipu za kampuni ya FTDI ya Glasgow, Scotland. Uno ilipotoka mwaka 2010 waundaji waliachana nazo wakaweka ATmega8U2, na baadaye 16U2. Watengenezaji wa China, ambao wanapigania hata senti, waliweka CH340 ya kampuni ya WCH ya Nanjing, na ndiyo tunayokutana nayo zaidi madukani kwetu. Hapa inafaa kuwatendea haki watengenezaji hao. Michoro ya Arduino imetolewa wazi ili yeyote aikopi. Kinacholindwa ni jina na nembo. Bodi iliyotengenezwa Shenzhen kwa michoro hiyo bila kubandikwa jina la Arduino ni nakala halali, na kuiita feki ni kumsingizia aliyeitengeneza.

Feki za kweli zipo, nazo ndizo zilizotuonyesha nguvu ya draiva ilivyo. Kwa miaka mingi soko lilikuwa na chipu zilizoandikwa FTDI juu yake wakati FTDI haikuzitengeneza. Zilikuwa zikifanya kazi vizuri tu, kwa kuwa zilijitambulisha kwa kompyuta kwa namba zilezile za FTDI na kutumia draiva yake bila malipo. Oktoba 2014 kampuni ilitoa draiva mpya, ikaingia kwenye kompyuta za watu kupitia masasisho ya kawaida ya Windows, bila kubisha hodi. Kila kifaa cha USB hubeba namba mbili za utambulisho, moja ya mtengenezaji na nyingine ya bidhaa. Draiva hiyo ikikutana na chipu ya kughushi, ilikuwa inaandika upya namba ya bidhaa ndani ya chipu yenyewe na kuifanya sifuri tupu. Tangu dakika hiyo kifaa hakikutambulika tena, hata ukikihamishia kwenye kompyuta nyingine. Masharti ya leseni, yale ambayo watu huyakubali bila kuyasoma, yalikuwa yametahadharisha kwamba chipu isiyo halisi inaweza kuharibika. Kelele zilipokuwa kubwa draiva iliondolewa kwenye masasisho. Wasimamizi wa Linux, kwa upande wao, waliongeza kwenye mfumo wao mstari wa kuzikubali chipu zenye ile namba ya sifuri, ili waliopoteza vifaa vyao wavifufue. Mwaka 2016 likaja toleo jingine: safari hii namba haikuguswa, ila data iliyotumwa na chipu ya kughushi ilibadilishwa njiani, na mahali pa vipimo vyake mtumiaji akapokea maneno NON GENUINE DEVICE FOUND!, yaani kimepatikana kifaa kisicho halisi. Hebu mtu afikirie ni mashine gani inaweza kuwa upande wa pili wa waya huo, inayosubiri namba ili ijue ifunge vali au iache wazi.

Wapo watakaosema FTDI ilikuwa na haki, kwa kuwa kughushi chipu ni wizi na hakuna anayelazimika kumfanyia mwizi kazi ya kuandika draiva. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Kampuni ina haki ya kukataa draiva yake isitumike na chipu za watu wengine. Haina haki ya kuingia kwenye mali ya mtu wa tatu na kuiharibu, na mtu wa tatu ndiye aliyeumia. Aliyeghushi alishauza, akalipwa, akaondoka. Fundi aliyenunua waya wa kuunganishia vifaa, mwanafunzi aliyepewa bodi na chuo, mwenye duka aliyeagiza katoni moja: hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na njia ya kutofautisha chipu halisi na ya kughushi kwa macho. Lakini tuache haki na lawama pembeni, maana mnunuzi wa maabara hahitaji kuamua kesi hiyo. Anachohitaji kujifunza ni kwamba jambo hilo liliwezekana. Kampuni iliyoko Glasgow iliweza kuzima kifaa kilichoko popote duniani, kwa sababu tu kifaa hicho hakikuwa na namna nyingine ya kuongea na kompyuta isipokuwa kupitia draiva yake.

Na asidhani mtu kwamba kununua cha asili kunamwepusha na hayo. Kampuni ya Prolific ya Taiwan, yenye chipu maarufu ya PL2303, nayo ilichoshwa na waghushi. Ilichofanya ni kuacha kuhudumia matoleo ya zamani ya chipu yake kwenye Windows 8 na zilizofuata, na ukichomeka kifaa chenye chipu hiyo unasoma ujumbe kwamba imesitishwa tangu mwaka 2012 na kwamba uwasiliane na aliyekuuzia. Aliyenunua PL2303 halisi ya toleo hilo, kwa risiti na kila kitu, alifungiwa mlango uleule na mwenye ya kughushi. Chipu yake ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni uamuzi wa ofisi fulani kuhusu draiva, na uamuzi huo haukumhitaji yeye.

CH340 haina historia ya visa kama hivyo, na mtu mwadilifu lazima aseme hivyo. Usumbufu wake ni wa aina nyingine, wa kila siku, na ndio unaokula vipindi. Kompyuta ya Windows yenye intaneti nzuri siku hizi huitafuta draiva hiyo yenyewe na kuiweka, na kwa mtu aliye nyumbani na kompyuta yake jambo linakwisha kwa dakika chache. Maabara ya shule ni hadithi nyingine. Kompyuta arobaini, kifurushi kimoja cha data, na neno la siri la msimamizi linajulikana na mtu mmoja tu ambaye leo yuko semina Dodoma. Bila neno hilo hakuna draiva inayoingia, na ni sawa isiingie, kwa sababu draiva ya aina hii hufanya kazi ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo programu mbovu inaweza kuangusha mashine nzima. Watumiaji wa Mac walilijua hilo mwaka 2016, pale toleo la Sierra lilipokutana na draiva ya zamani ya CH340 na kompyuta zikawa zinazima ghafla kila bodi ilipochomekwa. Kwa sababu hiyohiyo Windows za biti 64 zimekuwa zikidai draiva yenye saini ya kidijitali tangu enzi za Vista. Sasa tazama tunachomfundisha kijana kwa vitendo. Anaambiwa “ingia mtandaoni utafute draiva ya CH340”. Anafungua tovuti ya kwanza inayotokea, yenye vitufe vitano vya kijani vya kupakua ambavyo vinne ni matangazo, anapakua faili asiyoijua, anaipa ruhusa ya juu kuliko zote kwenye kompyuta, na mfumo ukilalamika kuhusu saini anaonyeshwa namna ya kuuzima ulinzi huo. Kipindi kinachofuata, pengine chumba hichohicho, anafundishwa usalama wa mtandao.

Wapenzi wa Linux watasema hayo yote ni matatizo ya Windows. Ni kweli kwamba Linux imekuwa na draiva ya CH340 ndani yake kwa miaka mingi, na hilo ni jambo jema. Lakini kuwa na draiva si mwisho wa safari. Mtumiaji wa kawaida akitaka kutuma programu anaambiwa hana ruhusa, mpaka aongezwe kwenye kundi la dialout, jina lililobaki kutoka zama za kupiga simu kwa modemu, kisha atoke na kuingia upya. Halafu kuna kisa cha Ubuntu 22.04 ambacho ningetamani kila ofisa manunuzi akijue. Toleo hilo huja na programu iitwayo brltty, ya kuwasaidia wasioona kutumia mashine za nukta nundu. Baadhi ya mashine hizo hutumia CH340, hivyo zina namba zilezile, 1A86 na 7523, ambazo zimo kwenye bodi za bei nafuu. Ukichomeka bodi, mfumo unaitambua, unaipa jina ttyUSB0, na mara hiyohiyo brltty inaikamata ikidhani ni mashine ya nukta nundu, na jina linatoweka. Mwanafunzi haoni kosa lolote kwenye skrini. Anaona tu kwamba bodi haipo. Wengi wameponea kwa kuiondoa brltty, jambo lisilo na madhara mpaka siku mwanafunzi asiyeona atakapokaa kwenye kompyuta hiyo. Hakuna aliyekosea hapa. Namba ile inamtambulisha mkalimani, haisemi ni kifaa gani kilichosimama nyuma yake, na vifaa visivyohusiana kabisa vinagongana kwa sababu hiyo.

Mfano ulio mbaya kuliko yote, na ambao nakiri unanivutia kwa ujanja wake, ni Digispark. Ni bodi ndogo kama ncha ya kidole gumba iliyochangishiwa fedha kupitia Kickstarter mwaka 2012, na nakala zake leo ni miongoni mwa bodi za USB za bei ya chini kabisa. Waundaji walimfukuza mkalimani. Chipu yake moja tu, ATtiny85 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 8, haina sehemu yoyote ya USB, lakini programu iitwayo V-USB inaifanya iigize mawimbi ya USB kwa kuwasha na kuzima miguu yake kwa kasi inayotakiwa. Ni kazi ya mikono mahiri. Gharama yake ni kwamba inaweza kuongea kwa kasi ya chini tu ya USB, na kasi hiyo kwa mujibu wa kanuni hairuhusu aina ya mawasiliano ambayo kifaa cha data ya mfululizo kinahitaji. Matokeo yake bodi haionekani kama mlango wa kawaida. Inadai draiva yake. Tena inasikiliza kompyuta kwa sekunde kama tano tu baada ya kuchomekwa, kisha inaendelea na kazi yake. Hivyo utaratibu umegeuzwa: unabonyeza kutuma kwanza, programu inakupa sekunde 60, ndipo unachomeka bodi. Kama draiva haijakaa sawa, Windows inalia mlio wa kuchomeka, baada ya kitambo inalia wa kuchomoa, na anayejifunza anaamini bodi imekufa. Baadaye anwani ya awali ambayo programu ya Arduino iliitegemea kupakua faili za bodi hiyo iliacha kufanya kazi, na watu wakahamia nakala iliyobaki GitHub. Anayeijua GitHub yuko salama. Mwalimu wa sekondari mwenye mwongozo uliochapwa wenye anwani ya zamani ameachwa hapo alipo.

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba wahenga walishasema, rahisi ni ghali. Sikubaliani, na hapa ndipo penye uzito wa hoja yangu. Unafuu si chanzo cha tatizo. Unapochomeka kibodi au flashi, hakuna anayekuuliza draiva, hata kama kibodi ni ya shilingi elfu tano. Tangu USB ilipotoka mwaka 1996, imekuwa na makundi ya vifaa yenye kanuni za pamoja: kibodi na mausi kundi lake, hifadhi ya data kundi lake, vifaa vya mawasiliano ya mfululizo kundi lake. Kifaa kikifuata kanuni za kundi, draiva iliyomo tayari kwenye mfumo endeshi inakihudumia, na mtengenezaji hana kamba ya kukuvuta nayo. Windows ilichelewa kwa kundi hilo la mwisho, lakini tangu Windows 10 ya mwaka 2015 inalipokea bila kuomba faili lolote. Micro:bit, bodi ambayo BBC iliwagawia wanafunzi wa Uingereza mwaka 2016 hadi kufikia takriban milioni moja, inaonekana kwenye kompyuta kama flashi. Programu unaiburuta na kuidondosha humo kama unavyohamisha picha. Raspberry Pi Pico iliyotoka Januari 2021 kwa dola 4 inafuata njia hiyohiyo. Unashikilia kitufe cha BOOTSEL, unachomeka, inatokea hifadhi iitwayo RPI-RP2, unadondosha faili, hifadhi inatoweka na programu inaanza kukimbia. Hakuna neno la siri la msimamizi, hakuna intaneti, hakuna tovuti ya vitufe vya kijani. Kwa dola 4 hakuna anayeweza kuniambia kwamba heshima hii kwa mwanafunzi ni anasa ya matajiri.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa walimu wenyewe. Miongozo, video na vitabu vilivyopo vimeandikwa kwa ajili ya Uno, na vihisi vilivyojaa kabatini vimezoea volti 5, wakati Pico inafanya kazi kwa volti 3.3. Hili ni kweli na lina gharama. Kihisi cha umbali cha HC-SR04, ambacho hakikosekani kwenye seti yoyote ya wanaoanza, hurudisha volti 5, na ukikiunganisha moja kwa moja na Pico unahatarisha chipu. Lazima uweke rezista mbili za kugawa volti. Pia bodi zenye USB ndani ya chipu kuu zina tabia ya kupotea kwenye kompyuta programu ya mwanafunzi inapokwama, na dawa yake ni kurudi kwenye kitufe. Ila tulinganishe matatizo yenyewe. Rezista mbili ni somo la elektroniki, lile ambalo mwanafunzi alikuja kulisoma, na analitatua mwenyewe mezani kwa kanuni ya Ohm. Draiva iliyozuiwa na msimamizi haitatuliwi mezani wala haimfundishi kanuni yoyote. Kwa asiyetaka kuachana na volti 5 na miongozo ya Arduino, ipo Leonardo ya mwaka 2012 na nakala zake, ambazo chipu yake ya ATmega32U4 inaongea USB yenyewe.

Wengine hudai kwamba kuhangaika na draiva ni sehemu ya elimu, kwamba fundi hukomazwa na matatizo. Kwa mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa tatu nitakubali, tena ningependa aandike draiva yake mwenyewe. Kwa mtoto wa kidato cha pili mwenye vipindi viwili kwa wiki, kipindi kilichomalizwa na pembetatu ya njano kimempotezea nusu ya wiki, na hakuna mtihani utakaomlipa.

Kinachotakiwa kwenye karatasi ya zabuni hakizidi mistari michache. Iandikwe kwamba bodi itambulike na kupokea programu kwenye Windows 10 na Linux bila kuongeza draiva, kwa akaunti ya mwanafunzi, kompyuta ikiwa haina intaneti. Muuzaji ataje chipu inayoshughulikia USB, si maneno “inafanana na Arduino” peke yake. Na waya uwe wa data, kwa sababu nyaya nyingi zinazozagaa ni za kuchajia simu tu na hazina nyuzi za data ndani, na wengi wamehangaikia draiva siku nzima wakati kosa lilikuwa kwenye waya. Kabla ya kusaini hati ya kupokea mzigo, ichukuliwe bodi moja kutoka katikati ya katoni, ipelekwe maabara, ichomekwe kwenye kompyuta ya mwanafunzi huku kebo ya mtandao imechomolewa. Vyuo ambavyo tayari vina makabati ya CH340 havina haja ya kuzitupa: msimamizi aweke draiva iliyochukuliwa kwa WCH wenyewe kwenye kompyuta zote mara moja, kabla muhula haujaanza, na faili hiyo ibaki kwenye flashi inayokaa ofisini kwa mwalimu wa somo.